Kofi la staringi halihesabiwi: muvi na tamthilia zinatukuza ukatili au tunazisingizia?

#1 Fundi Dishi (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Kazi yangu ni kufunga madishi na ving'amuzi, kuanzia Mbagala mpaka Mkuranga huko. Fundi dishi anaziona sebule za watu zilivyo. Ukiwa juu ya bati unazungusha dishi, chini kuna mtu anapiga kelele "imekuja! imepotea!". Ukishuka kuhakikisha picha imetulia, unakuta nyumba nzima imeganda mbele ya TV, hata hela yako lazima uidai mara mbili.

Jumatano iliyopita nilishuka kwa mama mmoja saa tatu kasoro usiku. Tamthilia ya Kituruki ndiyo kwanza inaanza, hizi zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Staringi, kijana mrefu, ndevu zimechongwa, suti imemkaa, kamkamata mkewe mkono, kamburuza ngazini, kamsukumia chumbani, kafunga mlango kwa nje na ufunguo katia mfukoni. Mke analia nyuma ya mlango. Sasa sikilizeni muziki uliowekwa pale. Wa hatari? Wala. Kinanda laini kabisa, wa mapenzi. Na kamera haikwenda chumbani kwa anayelia, imebaki kwa mwanaume, jicho limelowa machozi. Yule mama akajishika kifua: "Huyu anampenda. Angekuwa hampendi angemwacha aende zake." Binti yake wa kama darasa la sita hivi, yuko mkekani anamenya karanga, akaitikia bila hata kuinua kichwa: "Kweli, mama."

Nikakunja waya zangu nikaondoka. Ila hiyo "kweli, mama" nimelala nayo mpaka leo.

Nirudi nyuma kidogo. Nimekulia Morogoro, na utotoni nilikuwa nakusanya hela mlangoni kwenye banda la video. Sheria ya banda kila mtu aliijua: staringi hafi. Lakini kulikuwa na sheria ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuitamka. Adui akimpiga mwanamke, banda zima linazomea, na mtafsiri anasema "mshenzi huyu, subirini, dawa yake inachemka." Staringi akimpiga mwanamke, kofi lile lile, mtafsiri anasema "hapo anamtia adabu kidogo," banda linacheka, maisha yanaendelea. Na mara nyingi kwenye muvi yenyewe staringi hata mdomo hakufungua! Maneno ya adabu ni ya mtafsiri, kayatoa kichwani kwake hapo hapo, kwa sababu anajua banda linataka nini. Kwa hiyo mimi sisemi Mmarekani au Mhindi katuharibu. Nasema kofi la staringi huwa halihesabiwi, na sisi wenyewe ndio tunalifuta.

Wahindi wamegombana sana juu ya jambo hili, na ugomvi wao una mafunzo. Mwaka 2019 ilitoka Kabir Singh, ya Shahid Kapoor. Daktari mlevi. Mwanzoni tu mwa muvi anamtishia mwanamke kwa kisu avue nguo. Halafu anamwona binti mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anatangaza chuo kizima kwamba huyu ni wake, binti mwenyewe hata hajaulizwa. Baadaye anamzaba kibao. Mwisho wa muvi anampata, tena tunatakiwa tushangilie. Ilikuwa kati ya muvi zilizoingiza hela nyingi kuliko zote India mwaka ule. Walipomjia juu mwongozaji, Sandeep Reddy Vanga, akajibu kwenye mahojiano kwamba wapendanao wasiokuwa na uhuru hata wa kuzabana kibao, yeye haoni hisia yoyote hapo. Miezi michache baadaye, Februari 2020, ikatoka Thappad, jina lenyewe maana yake ni kofi. Mume anampiga mke kofi moja, moja tu, mbele za watu kwenye sherehe nyumbani kwao, na muvi nzima iliyobaki ni mke anadai talaka huku ndugu wa pande zote wanamwambia "lakini si kofi moja tu?" Hiyo haikuingiza hata robo ya hela za ile ya kwanza.

Niliowauliza mtaani wote Kabir wanamjua. Ya pili sijapata bado mtu.

La mwisho. Kila wiki nina mteja anayeniambia "fundi, niwekee namba ya siri, kuna chaneli sitaki watoto wazione." Nikiuliza chaneli zipi, ni za watu kubusiana. Tangu nianze kazi hii hakuna mzazi aliyeniambia nifunge kwa ajili ya watu kupigana, kuchinjana au kumburuza mtu ngazini. Hata mmoja.

Nawasilisha.

#2 Kiti cha Mbele

Nimevuta kiti. Karanga ninazo.

#3 Mzee wa Kilosa

Fundi, umeandika vizuri lakini umekosea mlango wa kubisha.

Babu yangu alifariki hajawahi kuona televisheni. Bibi yangu alikuwa na kovu kwenye nyusi, na sisi wajukuu tuliambiwa ni la kuanguka kisimani. Nani alimfundisha babu? Mturuki?

Hebu soma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66. Inasema hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. 1971 hiyo! Televisheni nchi hii imeanza 1994. Bunge halikai kutunga sheria ya kukataza kitu ambacho hakipo. Miaka 23 kabla ya kuonyeshwa tamthilia hata moja, watu walikuwa wanachapwa majumbani mpaka serikali ikaona iandike.

Na utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akitoka bila kuaga, akibishana, akitelekeza watoto, akimnyima unyumba. Wanaume waliokubali angalau sababu moja: asilimia 40. Wanawake: asilimia 58. Soma tena. Wanawake ndio wengi. Wengi wao vijijini, umeme wenyewe wanausikia tu. Kwa hiyo yule mama yako wa Mbagala hakufundishwa na tamthilia. Tamthilia imekuja imemkuta ameshahitimu.

#4 Fundi Dishi

Mzee, shikamoo. Ya mama sibishi. Ila binti wa mkekani alikuwa hajahitimu.

#5 Bibi wa Maskati

Mzee wa Kilosa, sema televisheni *Bara* imeanza 1994. Sie Unguja tumeanza kuangalia mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi, nyie wakati huo mnasikiliza mpira redioni. Tusisahauliane.

Hayo tuyaache. Mie nipo Maskati mwaka wa 19 huu, na tamthilia za Kituruki tuliziona kwa Kiarabu cha Shamu, yaani cha Siria, kabla hazijafika huko kwenu. Kuna moja nataka kuitaja kwa sababu ilinitoa machozi na ikanitia hasira kwa pamoja. Fatmagül. Ilirushwa Uturuki kuanzia 2010 mpaka 2012, huku tukaiona kwa jina la Fatima. Msichana wa kijijini pwani anabakwa na kundi la vijana wa kitajiri usiku mmoja. Kulikuwa na mwenzao maskini, fundi chuma, amelewa, hajijui. Basi matajiri wanapanga huyo maskini ndiye amuoe, kesi ife. Na ilikuwa inakufa kweli, wanangu! Sheria ya Uturuki mpaka 2005 ilikuwa inamwachia mbakaji akimuoa aliyembaka. Kisa hicho kiliandikwa wakati sheria hiyo ipo.

Sasa inatukuza au haitukuzi? Mie nimeshindwa kujibu. Upande mmoja inaonyesha msichana anavyokataa kuguswa, anavyokwenda kwa mshauri, anavyosimama mahakamani, na mwisho wanahukumiwa. Majirani zangu hapa, wanawake ambao neno lile hawalitamki hata kwa kunong'ona, walikaa sebuleni kwangu wakalizungumza mpaka saa saba za usiku. Hilo si dogo. Upande wa pili, yule mume wa kulazimishiwa ndiye anakuwa kipenzi cha watazamaji. Waandishi wakatuambia baadaye kwamba kumbe yeye hakushiriki. Alhamdulillahi, tukahema, tukaendelea kumpenda. Lakini sie tulishaanza kumpenda *kabla* hatujaambiwa. Hapo ndipo ninapojiuliza nafsi yangu.

#6 Kobe wa Mombasa

Ndugu zangu wa Bongo, hiyo ya fundi kuhusu namba ya siri si ya wazazi peke yao. Hapa kwetu ni sera ya serikali! Mwaka 2015 bodi yetu ya filamu ilipiga marufuku Fifty Shades of Grey. Sababu ilikuwa nini? Mahaba. Haikuwa kwamba mwanaume yule anamfuatafuata binti kila aendako na kumwamulia ale nini, hilo sikusikia likigusiwa hata kidogo. Jioni hiyo hiyo ukiwasha TV waona mtu mmoja na bunduki mbili amelaza watu arobaini, na DJ anayetafsiri muvi anacheka.

Halafu twashangaa. Utafiti wetu wa 2022 wasema wanawake 34 kati ya kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wamepigwa tangu wafike umri wa miaka 15. Tarehe 27 Januari 2024 nilikuwa kwenye maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake, na yalifanyika miji mingi siku hiyo. Jamaa mmoja kando ya barabara akatupigia kelele: "Na wale wanaopenda pesa za watu je?" Hiyo kauli haikutoka kijijini kwa babu, Mzee wa Kilosa. Hiyo ni ya kwenye vichekesho na muvi: msichana apendaye pesa mwishoni lazima apate "funzo", na watazamaji wapige makofi.

#7 Mzee wa Kilosa

Kobe, hiyo ya "funzo" nakupa. Lakini na ngano za bibi zilikuwa na funzo hilo hilo. Binti anayekataa wachumba wa kijijini anaolewa na zimwi.

#8 Niliigiza Zamani

Nilikuwa nasoma tu, ila Fundi aliposema kofi la staringi halihesabiwi nimeona niseme.

Niliigiza miaka ile muvi zetu zinatoka kwenye sidii, sehemu ya kwanza na ya pili. Nimecheza mke, mchepuko, na mke tena. Mnajiuliza kwa nini kila muvi ina kofi? Si falsafa, ni bajeti. Mnapiga picha kwenye sebule ya kuazima, mwenyewe anarudi saa kumi na mbili, maongezi mengi mnayatunga mkiwa mmesimama. Watu wawili wanagombana, maneno yamewaishia. Unamalizaje sini? Kofi. Linafunga mabishano, linaleta kilio, na kilio kinaingiza wimbo. Dakika nne zimepatikana bure.

Kofi lenyewe ni la uongo. Anayepiga anapitisha mkono mbele ya uso, kamera iko nyuma ya bega lake, wewe unageuza shingo kwa wakati, na sauti ya "pa!" inawekwa baadaye wakati wa kuhariri. Tulikuwa tunafanya mazoezi mara tatu nne mpaka shingo inauma.

Siku moja nimegeuza shingo mara tano, mwongozaji haridhiki. Anasema silii vizuri. Akamwita mwenzangu pembeni, wakanong'ona, akarudi. Tukaanza. Safari hii mkono haukupita mbele. Sikio likalia *nziii*, nikaona nyotanyota. Nililia kwelikweli, na kamera inaendelea. Mwongozaji akapiga makofi: "Hapo sasa!" Yule kaka mwigizaji akaniomba msamaha kwenye daladala, akasema aliambiwa kama hafanyi hivyo siku haitaisha. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nataka sehemu ya pili nisiondolewe.

Picha ya sini hiyo ndiyo ikawekwa kwenye kava. Nimeshika shavu. Nilikuwa nikienda sokoni kununua nyanya, wanawake wananishika mkono: "Dada, ulilia vizuri sana siku ile." Walikuwa wananisifu. Na mimi nilikuwa nasema asante.

Kwa hiyo mkiniuliza kama muvi zinatukuza ukatili, mimi swali langu ni la nyuma zaidi. Kuna ukatili mwingine uko upande wa huku wa kamera, na huo hata mtafsiri hauoni.

#9 Bibi wa Maskati

Pole, mwanangu. Wallahi pole.

#10 Kiti cha Mbele

Karanga nimeziweka chini.

#11 Mwalimu wa Zamu

Dada, ahsante kwa kuandika hayo.

Mimi nataka nimrudie Mzee wa Kilosa, maana hoja yake ina nguvu lakini inaishia njiani. Kama TV haimfundishi mtu kitu, kwa nini tunaitumia kufundisha? Waliokuwepo miaka ya 90 wanakumbuka mchezo wa redio wa Twende na Wakati, Radio Tanzania, kuanzia 1993. Mkwaju! Dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, nyumbani mkewe Tunu anahangaika na watoto. Sasa Mkwaju alikuwa na vituko vyote vya ustaringi: ana hela, ana maneno, anachekesha. Watunzi wangeweza kumfanya shujaa kirahisi. Hawakufanya. Tunu akaamka, akaanza biashara yake, akamwacha. Mkwaju akaugua Ukimwi. Tena walikuwa makini: miaka miwili ya kwanza mchezo haukurushwa Dodoma, makusudi, ili watafiti walinganishe. Watu wa Dodoma walikosa uhondo kwa ajili ya sayansi.

Na kwa vile Fundi ni mtoto wa banda, hii itakufurahisha. Uganda, mwaka 2016, watafiti walikwenda kwenye vibanda vya video vya vijijini, vijiji zaidi ya 100, wakaonyesha muvi bure. Katikati ya muvi, kwenye baadhi ya vijiji, waliweka vipande vifupi vya mchezo kuhusu mke anayepigwa, na majirani na wazazi wanaojua lakini wananyamaza. Miezi kadhaa baadaye wakarudi kuuliza. Vijiji vilivyoona vile vipande, wanawake walioripoti kupigwa walikuwa wachache zaidi. Kinachonishangaza mimi ni kwamba mawazo ya watu kuhusu haki ya mume kupiga hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni wanawake kuona kwamba wakisema, hawataitwa wambea. Basi. Mwenye mkono akijua jirani atasema, anaurudisha mfukoni.

India nako, utafiti uliochapishwa 2009 uligundua vijiji vilivyofungiwa TV ya waya, wanawake walipunguza kukubali kwamba kupigwa ni halali. Na walikuwa wanaangalia nini? Tamthilia zile zile za mama mkwe mchawi! Ila wanawake waliowaona humo walikuwa wanatoka, wanafanya kazi, wanajibu. Kwa hiyo Mzee, sanduku ni moja. Linategemea nani kawekwa katikati ya picha.

#12 Mzee wa Kilosa

Mwalimu, hii ya Uganda sikuwa naijua. Nimeisoma mara mbili.

Bado nasema polisi na dawati la jinsia vitafanya kazi kubwa kuliko Mkwaju. Lakini nikumbuke na mimi jambo: bibi yangu hakuwahi kusema, kwa sababu angesema angeitwa mmbea. Hapo umenipata, sina jibu.

#13 Mpita Njia

Mnajadili sana. Muvi ni muvi, kama hutaki badilisha chaneli.

#14 Niliigiza Zamani

Mpita Njia, mimi sikuwa na rimoti siku ile.

#15 Fundi Dishi

Wakuu, nimechelewa kurudi, mvua ya juzi imeangusha madishi ya watu nusu ya Mbagala.

Dada uliyeigiza, inawezekana hiyo sidii nimeiuza mimi, kipindi fulani nilikuwa nazo mezani stendi. Sijui niseme nini. Samahani haitoshi, ila ndiyo niliyonayo.

Sasa kuna jambo lazima niliweke hapa kwa sababu nimelazimishwa. Mke wangu ameusoma huu uzi jana usiku kwenye simu yangu, wote, mpaka wa Mpita Njia. Akacheka kwenye ile ya karanga. Akalia kwenye ya dada. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa: "Na ule mlango?"

Nikamwambia mlango gani.

Akasema: "Mwaka juzi. Nilipotaka kwenda kwa dada Temeke."

Tulikuwa tumegombana, saa nne usiku, kashika mkoba. Nikafunga mlango wa mbele, ufunguo nikautia mfukoni nikakaa kwenye kochi mpaka asubuhi. Sikumgusa. Nilikuwa najihesabu mimi si mtu wa kupiga, na nikiangalia tamthilia za watu najiona hakimu. Nikamwambia: niliogopa usiku ule, barabara mbaya, nilikuwa nakupenda usiondoke.

Hakujibu. Akanirudishia simu.

#16 Bibi wa Maskati

Mwanangu, na huo ufunguo sasa uko wapi?

#17 Fundi Dishi

Upo kwenye msumari, pembeni ya mlango. Wa pili nimempa yeye leo asubuhi.